Kumtoa Watasema kwenye mnyororo: shajara ya miezi sita, Nyegezi, Mwanza

8 Februari 2025. Tulipoanzia

Nyumba tulihamia Desemba, na mbwa tulimkuta. Aliyetuuzia alinikabidhi funguo, akaonyesha kidole chini ya mwembe: "Mwalimu, na huyo anakwenda na kiwanja." Mnyororo wa mita mbili na nusu, mbwa wa miaka minne hivi, jina Watasema. Jina lenyewe lilikuwa ujumbe kwa majirani. Mwenye nyumba wa zamani alikuwa na kesi ya mpaka, na kila alipoita mbwa wake, mtaa mzima ulisikia. Kwa hiyo nimerithi mbwa pamoja na fitina. Kulibadilisha tumeshindwa, maana analiitikia hilo tu. Tunalikata: Wata.

Naandika kwa ajili ya yeyote mwenye mbwa wa aina hii, hasa walio kwenye vilima vyetu vya mawe, ambako mambo mengi ya kawaida hayafanyi kazi.

Hali ya leo. Chini ya mwembe kuna duara lililochorwa kama kwa bikari: ndani yake udongo mgumu kama sakafu, nje yake nyasi. Hapo ndipo anapolala, anapokula na anapojisaidia. Shingoni ana kipande cha tairi kilichofungwa kwa waya. Ukikinyanyua kwa kidole unakuta ngozi imekuwa nyeusi, inang'aa, haina unywele hata mmoja, na upande wa kushoto kuna kidonda kinachotoa usaha. Nzi wanakijua. Nilimbeba nikapanda naye mizani, kisha nikapanda peke yangu, nikatoa: kilo 17. Mbavu unazihesabu ukiwa mlangoni.

Mama watoto aliuliza kwa nini nisimfungue tu. Chini ya kiwanja kuna njia ya watoto wa shule, na mbwa aliyefungwa miaka anaweza kumng'ata mtu kwa woga tu. Kwanza chanjo, uzio na banda, ndipo mnyororo utoke. Nimejipa hadi mwisho wa Aprili.

Kwa leo nimekata tairi na kumvalisha mkanda mpana wa ngozi ulioshonwa na fundi viatu: shilingi 6,000.

16 Februari. Waya wa kutelezea: imeshindikana

Niliona kwa jamaa mmoja Buhongwa: unafunga waya kati ya mti na nguzo, mnyororo unapita juu yake kwa pete, mbwa anakimbia huku na huku. Waya mita tisa, pete na kiungo kinachozunguka, jumla 18,500.

Ulifanya kazi siku moja. Siku ya pili Wata alipanda jiwe lililo katikati ya njia ya waya, akarukia upande wa pili, mnyororo ukabaki upande wa kwanza. Kijana wangu ndiye aliyemkuta, miguu ya nyuma inagusa ardhi, ya mbele inakanyaga hewa. Alimwinua kifuani huku anapiga kelele hadi nikafika. Tungekuwa kanisani tungerudi kuzika. Kama kiwanja chako kina jiwe lolote la kupanda, au kisiki, usijaribu. Waya nimeukunja, utafanya kazi ya kuanikia nguo.

1 Machi. Daktari

Daktari wa mifugo alikuja nyumbani, kwa sababu daladala hazipakii mbwa, na dereva wa bajaji niliyemfuata alimtazama Wata, akanitazama mimi, akawasha chombo akaondoka. Daktari alimfunga Wata mdomo kwa bandeji, akamsafisha kidonda, akampa dawa ya minyoo, sindano ya kichaa cha mbwa na ya kwanza ya chanjo ya mchanganyiko. Ya pili ni baada ya wiki nne. Pamoja na usafiri wake, yote mawili yatafika 100,000.

Niliuliza kama hiyo ya mchanganyiko ni ya lazima au ni ya mbwa wa matajiri. Alinikumbusha mwaka 1994, Serengeti: distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa ambao chanjo hiyo huukinga, ilimaliza takriban theluthi moja ya simba, na waliotuhumiwa kuwa chanzo ni mbwa wa vijijini waliozunguka hifadhi, mbwa kama huyu. Nikalipa.

Kuhusu kichaa alirudia jambo ambalo nimewaandikia wanangu kwenye mlango wa jokofu: aking'atwa mtu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza, dawa hakuna.

23 Machi. Uzio

Kiwanja chetu kimefungwa na mawe makubwa pande mbili na nyumba upande mmoja. Mwanya ni upande wa chini, mita 11. Nguzo hazichimbiki, ukipiga sululu mara tatu unagonga mwamba.

Nikajifanya mjanja, nikapanda minyaa. Wazee wetu Usukumani walizungushia maboma kwa minyaa, vijiti unapewa bure. Nilichosahau ni kwamba wao waliisubiri miaka. Mimi nilitaka wiki mbili. Wata angepita katikati ya vijiti vile bila kuinamisha kichwa. Na wakati wa kukata, utomvu ulinirukia jicho la kulia. Kama hujawahi, ni pilipili iliyochanganywa na moto. Niliosha kwa maji ya bomba nusu saa, nikaenda kliniki jicho limefumba: 14,000 na siku mbili za kufundisha kwa jicho moja. Wanafunzi walifurahi. Ukikata minyaa, vaa miwani, na usimweke mtoto karibu.

Tukarudi kwenye kitu ambacho Mwanza hakiishi: mawe. Kule juu kuna kina mama wanaoponda kokoto. Nikamwamkia mkubwa wao, "Mwangaluka mayu," tukaelewana bei ya mawe ya ukuta pamoja na gari: safari mbili, 120,000. Saruji mifuko sita 114,000, mchanga 45,000, fundi mwashi siku nne 120,000, saidia fundi 60,000. Geti la chuma 130,000. Jumla 589,000, na mama watoto ameniuliza kwa upole kama mbwa huyu ana mpango wa kuanza kazi.

Ukuta una kimo cha mita 1.2. Niliona unatosha. Someni hadi mwisho wa Aprili.

31 Machi. Banda la kwanza: imeshindikana, mara mbili

Nilimpima Wata: begani sentimita 52, pua hadi mkiani 75. Nikatengeneza sanduku la mbao la sentimita 100 kwa 75, paa la bati. Mbao 35,000, bati mbili 48,000, misumari 4,000. Nikaliweka juu ya mwamba mpana, pasafi, hapana tope. Nikajisifu.

Kosa la kwanza niligundua usiku. Mwamba unaokula jua kutwa haupoi jua likizama. Nilipeleka kiganja saa tatu usiku, ukawa na joto la chungu kilichotolewa jikoni muda si mrefu. Juu bati, chini mwamba: nilikuwa nimejenga oveni. Wata alilala nje, kwenye duara lake. Mchana aliyelipenda banda ni mjusi wetu wa mawe, yule wa kichwa chekundu na mwili wa buluu, alikuwa anapiga push-apu juu ya paa.

Kosa la pili lililetwa na masika. Mvua ya juzi ilinyesha saa kumi alfajiri. Kwenye udongo maji huzama. Kwenye mwamba huteremka yote kwa pamoja, kama shuka linalovutwa. Yaliingia mlango wa mbele yakatokea nyuma, na gunia la kulalia nililikuta getini.

19 Aprili. Banda la pili

Tumehamia ubavuni mwa jiwe kubwa, upande unaopata kivuli kuanzia saa saba. Mawe yaliyobaki kwenye uzio yalijenga kuta tatu, sakafu ya mbao imeinuliwa sentimita 30, bati zile zile, chini yake ubao ili joto lisishuke. Mlango umelipa ziwa mgongo, maana mvua za kwetu hapa hupiga kutokea huko. Saruji mifuko miwili, mbao, fundi siku mbili: 113,000.

Kitu kilichookoa yote ni kidogo: hatua tano juu ya banda, tumepiga tuta la zege juu ya mwamba, kimo cha kiganja, limekaa mshazari. Maji yakifika hapo yanapinda kuelekea kwenye mgomba. Kabla ya kupiga zege, sugua mwamba kwa brashi ya chuma uondoe ukungu wa kijani, la sivyo tuta litabanduka zima zima kama kaukau. La kwanza lilibanduka.

20 Aprili. Mnyororo umetoka

Jumapili ya Pasaka, baada ya chakula. Tulifunga geti, tukakaa barazani, nikafungua ndoana.

Hakuna kilichotokea. Alisimama. Akatembea hadi kwenye ukingo wa duara, pale ambapo kwa miaka yote shingo ilikuwa inavutwa, akageuka mwenyewe. Akazunguka kwa ndani, mguu wa mbele unakanyaga mstari ule ule. Mama watoto aliinuka akaingia ndani, akasema anaosha vyombo. Vyombo vilikuwa vimeshaoshwa.

3 Mei. Siku tisa, na pimbi mmoja

Kijana alianza mafunzo yake. Aliweka dagaa mmoja hatua moja nje ya mstari. Wata alijinyoosha kama mpira, miguu ya nyuma ndani, akamchukua, akarudi. Siku ya pili hatua moja na nusu. Siku ya tano alivuka kwa miguu yote minne, akala, akarudi mbio kana kwamba ameiba. Tulikuwa tunahesabu hatua kama wapima ardhi.

Tarehe 29 pimbi akajitokeza juu ya jiwe, akalia ile sauti yao ya mlango usiotiwa mafuta. Wata hakukumbuka mstari, duara wala Pasaka. Alipaa. Alipanda jiwe la ndani, na kutoka juu ya jiwe lile ukuta wangu wa mita 1.2 ulikuwa na kimo cha magoti. Akatokomea.

Kwa hiyo: kimo cha uzio pima kuanzia sehemu ya juu kabisa anayoweza kusimama mbwa, usipime kuanzia chini. Nimeongeza waya wa wavu juu ya ukuta, mita nne tu, pale penye jiwe: 22,000.

Tulimtafuta hadi Malimbe. Alikuwa nyumba ya pili kwa juu, kwa babu, anakunywa maji ya udhu kwenye ndoo ya barazani.

Babu ni Mwislamu mwenye msimamo, na ndiye aliyekuwa na kesi ya mpaka na mwenye mbwa wa zamani. Yaani Watasema alikuwa ameandikiwa yeye. Nilimwamkia, "Shikamoo babu," nikiwa nimeshika mbwa kwa mkanda na maneno yamenikauka.

"Marahaba, Mwalimu. Mimi sina ugomvi na mbwa. Ugomvi wangu ni mate."

Nilimpeleka Wata nyumbani nikarudi kuosha ndoo. Mara saba, moja kwa udongo. Babu alikaa kwenye mkeka akihesabu kwa sauti, na kwenye ya nne alinirudisha kwa sababu sikufika ukingoni. Tulipomaliza aliniuliza, "Hivi jina lake bado ni lile?" Nikamwambia tunamwita Wata. Akafikiri. "Basi hilo halisemi kitu. Liacheni."

Tulichokubaliana: geti halifunguliwi hadi arudi kutoka swala ya alfajiri, na sisi tunapita njia ya chini. Matembezi yetu sasa huanza baada ya hapo.

18 Mei. Kupe: kosa la fundi ni langu

Wata aliachwa huru, akapata banda zuri, akaanza kukonda. Nilipopekua masikio, nilikuta kupe wamepangana kama punje za mtama. Wengine katikati ya vidole. Nilinunua amitrazi, dawa ya kupe, duka la dawa za mifugo, 9,000, nikapima kwa kifuniko, kifuniko kimoja na nusu kwa ndoo ndogo, kwa sababu nilikuwa na haraka. Mbwa alilala tangu saa nne asubuhi hadi usiku, mdomo wazi, ukimwita anafungua jicho moja. Daktari kwa simu: mwoshe, mpe maji, mwache kivulini, na siku nyingine pima kwa sirinji. Kwa dawa niliyonunua, ya asilimia 12.5, kipimo ni mililita mbili kwa lita. Soma chupa yako.

Alipona. Kupe walirudi baada ya siku kumi, wengi kuliko mwanzo. Nilikuja kuelewa nilipoingia bandani na tochi. Kupe jike akishashiba damu huanguka, huingia kwenye ufa, hutaga mayai kwa maelfu. Mimi nilikuwa nimejenga kuta tatu za mawe yasiyopigwa lipu. Kila ufa ulikuwa wodi ya wazazi. Mbwa unamwosha, nyumba yake inawazaa.

Tulinyunyizia kuta dawa kwa bomba la kuazima, tukasubiri zikauke siku mbili mbwa akiwa stoo, kisha fundi akapiga lipu laini ndani na nje: mfuko mmoja na siku moja, 49,000. Ukijenga kwa mawe, piga lipu siku ile ile.

8 Juni. Mwalimu wa sayansi

Hili naliandika kwa aibu. Tangu katikati ya Machi, kila Jumamosi nilikuwa namteremsha Wata kwa kamba hadi ziwani, upande wa Luchelele, kumwogesha. Maji ya bure, mbwa anafurahi, mimi nimekunja suruali, nasimama kwenye magugu maji hadi magotini, tunakaa hata nusu saa. Mchana.

Mwisho wa Mei tumbo likaanza kuuma, kinyesi kina damu. Kituo cha afya walipima: kichocho cha tumbo. Nafundisha darasa la sita. Mzunguko wa kichocho nimeuchora ubaoni mara nyingi: yai, konokono, kiluwiluwi kinachopenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Mtu wa kwenye mchoro huwa namchora amekunja suruali.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Kwa kilo zangu 72 ni karibu vidonge vitano vya miligramu 600 kwa mkupuo, vichungu, ule kwanza. Vipimo na dawa 17,000. Nilipotazama pakiti ya dawa ya minyoo ya Wata nikakuta na yeye anameza prazikwanteli, kwa ajili ya tegu. Tumetibiwa kutoka chupa za ukoo mmoja.

Sasa anaoga nyumbani, ndoo mbili za maji ya bomba, kila wiki mbili. Matembezi yanaishia kwenye majabali ya juu ya ufuko. Anayatazama maji, ananitazama. Hapana.

29 Juni. Chakula, kwa kifupi

Asubuhi na jioni, jumla ya siku: unga wa dona gramu 250 uliopikwa ugali laini, na dagaa wakavu gramu 100. Dagaa nanunua Mwaloni Kirumba, wale wa daraja la chini walioanikwa mchangani. Loweka na uchuje mara mbili, la sivyo anakula ufuko. Mwezi unakula kama 26,000. Vitunguu hapana, mifupa iliyopikwa hapana, na miiba ya sangara hapana hata akikulilia.

Jamaa wa mashine alinitengea mahindi yaliyooza kidogo, "ya mbwa tu," nusu bei. Niliyarudisha. Sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 haiulizi kama mlaji ana miguu miwili au minne, na ini la mbwa halihimili.

Uzito leo: kilo 21 na nusu. Shingo imeota manyoya, meupe, ingawa mbwa mwenyewe ni mwekundu. Ameachiwa mkufu.

9 Agosti. Hesabu

Jana Nane Nane, shule zimefungwa, nikakaa na risiti. Mkanda 6,000, waya 18,500, daktari 100,000, jicho 14,000, uzio na geti pamoja na wavu 611,000, banda la kwanza 87,000, la pili 113,000, kupe 58,000, kichocho 17,000. Jumla 1,024,500, chakula kando. Katika hizo, zilizopotea kwa makosa yangu mwenyewe ni 137,500: waya, jicho, mbao za banda la kwanza pamoja na misumari, lipu la kuchelewa na vidonge vyangu. Angeniuliza mtu Februari, ningemwambia laki tatu zinatosha.

Mengine bado. Chanjo ya kichaa inarudiwa 1 Machi 2026, imeandikwa kwenye kalenda ya jikoni. Tuta la zege lina ufa mwembamba upande wa kushoto, lazima niuzibe kabla ya vuli. Geti linalia kama pimbi, na kila likilia Wata anainuka, kwa hiyo grisi kwanza. Duara chini ya mwembe bado halina nyasi. Anapita katikati yake akienda kunywa maji.